Kiti cha Mjomba

Jumatatu ile mkurugenzi wa vipindi alipomwita Bi Dakika ofisini, alimkaribisha kiti kabla hata ya kumsalimia, na hapo hapo Bi Dakika akajua kuna jambo. Kwa miaka yote aliyofanya kazi katika kituo kile cha televisheni, habari njema watu waliambiwa kwenye korido, wamesimama, na kupigwa bega juu yake. Aliyekalishwa alikuwa na lake.

"Dada, urudishe mlango kidogo," mkurugenzi alisema.

Akaurudisha. Mkurugenzi alikuwa kijana kwake, Bi Dakika amemzidi kama miaka kumi na tano, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tabia ya kupangapanga kalamu mezani anapotafuta maneno, na siku hiyo alizipanga zote.

"Bodi imekaa. Mkataba wa Mjomba unaisha baada ya wiki sita. Hautaongezwa."

Bi Dakika lilikuwa jina la kazini. Ndiye mtayarishaji wa kipindi cha Kabla ya Kulala, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kugawa muda: dakika za mzaha, dakika za mgeni, dakika za matangazo ya biashara. Hata nyumbani binti yake alimtania kwamba mama hawezi kuchemsha yai bila kutangaza "bado sekunde thelathini". Mwenye kipindi ndiye Mjomba. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye mkataba na kwenye kadi ya hospitali. Nchi nzima, mawaziri kwa wauza mkaa, walimwita Mjomba, na mkewe wakamwita Mkazamjomba kwa utani mpaka naye akazoea kuitika. Kipindi kilirekodiwa saa kumi alasiri na kurushwa saa nne usiku, na kila siku kilianza kwa maneno yale yale: "Watoto wamelala? Haya, sasa tuseme ukweli."

"Amekosea nini?" Bi Dakika aliuliza.

"Hajakosea. Watazamaji wake wanakufa." Mkurugenzi alisema hivyo kama mtu anayesema kwamba leo kuna mawingu. "Vijana hawangojei saa nne. Wanatazama vipande kwenye simu, dakika moja, mbili. Na Mjomba hakatiki vipande, dada. Hadithi yake ikianza leo inaishia kesho. Wadhamini wamelalamika. Tunampa nafasi Kiroboto."

Kiroboto alikuwa msichana mchekeshaji, mfupi, asiyetulia mahali pamoja, na mtu wa kwanza kumpa maiki alikuwa Mjomba mwenyewe.

"Wewe unabaki," mkurugenzi aliongeza haraka. "Kiroboto amekuomba kwa jina. Ila Mjomba asijue bado. Tukimwambia mapema, anaweza kusema lolote mbele ya hadhira. Tutamwambia wiki ya mwisho, kwa heshima zote."

Kwa heshima zote. Bi Dakika alitazama zile kalamu. Binti yake alikuwa mwaka wa pili chuoni. Alijiona akiitikia kwa kichwa.

Lakini hilo silo lililomfunga mdomo hasa. Kulikuwa na jingine alilolificha miaka miwili, na hilo mkurugenzi hakulijua, wala bodi, wala mtu yeyote ila fundi wa sauti.

Mjomba alikuwa anasahau.

Ilianza siku moja wakati wa mapumziko ya matangazo, alipoinama na kunong'ona kwenye maiki: "Huyu niliyekaa naye ni nani?" Bi Dakika, aliyekuwa nyuma ya kioo katika chumba cha mitambo, alidhani ni mzaha. Hakuwa anatania. Bi Dakika akamwambia kupitia kile kidude cha sikioni jina la mgeni, kazi yake, na mahali mazungumzo yalipofikia. Mjomba akainua kichwa, akatabasamu, akaendelea kama maji ya mfereji. Tangu siku hiyo Bi Dakika hakunyamaza tena. Jina. Swali. Ameshajibu hilo. Muulize kuhusu watoto. Watatu. Cheka. Mjomba alisema kwa ufundi wake ule ule, na hakuna aliyejua kwamba nusu ya maneno yalitoka nyuma ya kioo.

Wenyewe kwa wenyewe walilizungumza mara moja tu. Mjomba alikuwa anafuta poda usoni.

"Mdogo wangu, siku hizi unaongea sana sikioni."

"Ninyamaze, kaka?"

Kitambaa kikatua shavuni. "Usinyamaze," akasema.

Sasa Bi Dakika angesema nini? Angemwambia mkurugenzi, "Mna sababu mbovu lakini mmefika mahali sahihi"? Wangemtoa siku ile ile, na kesho yake magazeti yangeandika habari za akili yake. Akala kiapo na moyo wake kwamba wiki sita zitapita kimya, Mjomba ataondoka kwa makofi, na aibu ile itabaki kati yao watatu.

Wiki mbili zikapita. Jumapili zote mbili alikwenda kula chakula cha mchana kwa Mjomba kama kawaida yake. Mkazamjomba alipakua, Mjomba akala kimya, akitazama sahani. Bi Dakika aliona jinsi mke alivyomtazama mume kwa jicho la chini, kama mtu anayekaa na mgeni asiyemwelewa, lakini hakuuliza. Aliyabeba yake.

Jumatano ya wiki ya tatu, kama saa nane mchana, fundi seremala aliingia studio na futi yake ya chuma. Mjomba alikuwa tayari kwenye kiti chake, akipitia karatasi.

"Samahani, Mjomba, hebu inuka kidogo nipime," fundi alisema. "Wamesema kipya kiwe kifupi zaidi, maana yule binti miguu haifiki chini."

"Binti gani?"

Maskini, fundi alidhani anaulizwa kwa utani. "Si Kiroboto wenu! Mbona umemrithisha kiti na miguu hujampa?" Akacheka peke yake. Kisha akauona uso wa Mjomba, akaanza kuikunja futi yake polepole.

Mjomba alimkuta Bi Dakika chumba cha kupaka poda. Mpambaji alitazama nyuso zao wawili, akachukua brashi zake, akatoka.

"Ulijua?"

Bi Dakika alitaka kuuliza "kujua nini?" Hakuweza. "Nilijua, kaka."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Wiki ya tatu." Mjomba alivuta kiti akakaa, akajitazama kwenye kioo chenye taa pembeni. "Umekula kwangu Jumapili mbili hapo katikati. Ukaomba na pilipili."

"Walisema wenyewe watakuambia. Niliogopa kwamba..."

"Uliogopa nini? Nitalia? Mtoto mimi?" Akacheka kicheko kifupi, cha puani. "Na Kiroboto anajua. Yule nilimsimamisha jukwaani anatetemeka mpaka maiki inagonga meno. Kikulacho, mdogo wangu." Hakumaliza methali. Alisimama, akajifuta mwenyewe paji la uso, akaenda studio.

Siku hiyo mgeni alikuwa mpiga gitaa mkongwe aliyeitwa Nyuzi, rafiki wa Mjomba tangu ujana. Ndiye aliyesimama naye siku ya harusi yake. Bi Dakika alikaa nyuma ya kioo, akavaa vifaa vyake masikioni.

Taa ziliwaka. Hadhira ya watu themanini ilipiga makofi. Mjomba alisimama mbele ya kamera, akaingiza kidole sikioni, akatoa kile kidude, akakitia mfukoni.

"Kulikuwa na nzi," aliwaambia watu. Wakacheka. "Watoto wamelala? Haya, sasa tuseme ukweli."

Dakika saba za kwanza zilikwenda vizuri, kwa sababu mizaha ilikuwa imeandikwa kwenye kioo cha kusomea. Fundi wa sauti alimgeukia Bi Dakika akainua kidole gumba. Bi Dakika hakuitikia. Alikuwa anamwona Nyuzi akiingia na gitaa lake, akikumbatiana na Mjomba, akikaa.

"Leo nina mgeni ambaye..." Mjomba alisema. "Ambaye..." Akamtazama. "Bwana, hivi wewe na mimi tulijuana wapi?"

Hadhira ikaangua kicheko. Nani asiyejua urafiki wao? Nyuzi naye alicheka. "Nilikushika mkono siku unaoa! Ulivyokuwa unatetemeka, watu walidhani unaletewa polisi, kumbe unaletewa mke."

Kicheko kingine. Mjomba akacheka pamoja nao, akishika ukingo wa kiti kwa mkono mmoja.

"Na wewe mkeo hajambo?"

Kicheko kilikatika. Nyuzi alimzika mkewe mwaka uliopita, na Mjomba alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

"Alitutoka, Mjomba," Nyuzi alisema kwa upole. "Ulikuwepo."

"Pole sana, ndugu yangu. Pole." Machozi yalimlenga Mjomba, machozi ya kweli, ya mtu aliyepewa habari sasa hivi. Akainamisha kichwa, akashusha pumzi, akauliza juu ya safari za muziki. Nyuzi akajibu. Akauliza tena juu ya safari za muziki. Nyuzi akajibu tena, kwa maneno mengine. Halafu Mjomba akajiegemeza, uso umechangamka, akapiga goti la rafiki yake.

"Na shemeji mbona hukuja naye? Hajambo lakini?"

Nyuzi aligeuza macho kwenye kioo cheusi, moja kwa moja alipoketi Bi Dakika, ingawa hangeweza kumwona. Kisha akamgeukia Mjomba.

"Hajambo," akasema. "Anakusalimu."

Akachukua gitaa, akapiga, na hakuliweka chini mpaka muda ulipokwisha.

Mjomba alikwenda nyumbani bila kuaga. Bi Dakika aliingia chumba cha kuhariri, akamwambia mhariri wa picha, "Mimi na wewe, hatuiti mtu." Yule kijana alikuwa ameona yote kwenye skrini, akafunga mlango kwa ufunguo. Walimkata Mjomba vipande. Walitoa shemeji wa kwanza na shemeji wa pili, wakaacha kicheko cha harusi, wakaacha gitaa. Kipindi kikapungua dakika tisa. Bi Dakika akakumbuka kanda ya miaka mitatu nyuma ambamo Mjomba, akiwa amevaa koti lile lile, aliwachambua wakwe dakika tisa, akianza: "Mkwe wangu ananipenda sana. Kila nikifika tu ananiuliza, unaondoka lini?" Wakaipachika hapo. Kilipokamilika, kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote vya mwaka ule. Mjomba alikuwa mwepesi, mkali, mwenye macho yanayocheka.

Asubuhi yake simu ililia kabla Bi Dakika hajavaa viatu.

"Ulinitazama jana?" Ilikuwa sauti ya Mjomba, imejaa nguvu. "Uliona? Bila kelele zako sikioni! Nilipokuwa pale nilidhani nimeharibu, kumbe ni woga tu. Miaka miwili unanipigia domo, mpaka nikaamini kweli mimi ni mzee. Wewe ndiye uliyenizeesha. Ulikuwa unawaandalia njia."

"Kaka, nisikilize..."

"Sina la kukusikiliza. Nimekusikiliza miaka miwili."

Bi Dakika alibaki ameshika simu. Angeweza kusema neno moja tu: nenda katazame kanda nzima. Hakulisema; akavaa viatu. Mtu akinyang'anywa kazi, rafiki na akili yake siku moja, abakiwe na nini?

Mjomba hakurudi kumaliza wiki zilizobaki. Kituo kilitangaza kwamba amestaafu kwa hiari yake ili apumzike na familia, na mkurugenzi alisoma risala nzuri yenye neno heshima mara nne. Watu waliandika barua za hasira kwa wiki mbili. Kisha Kiroboto akakaa kwenye kiti kifupi, na barua zikaisha.

Jumamosi moja asubuhi Mkazamjomba alifika kwa Bi Dakika bila taarifa. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache. Hakutaka chai.

"Wifi," alianza, kwa maana ndivyo walivyoitana miaka yote, "Nyuzi alikuja nyumbani. Ameniambia yaliyotokea studio. Kwenye televisheni mimi sikuyaona."

"Niliyatoa."

"Na ameniambia juu ya kile kidude. Nikaenda kwa fundi wenu wa sauti, nikambana, akasema. Miaka miwili, wifi?"

"Nilikuwa namsitiri."

"Ulimsitiri na nani?" Sauti haikupanda; ingepanda, ingekuwa nafuu. "Unajua mimi miaka hiyo miwili nimeishije? Mume wangu anarudi nyumbani hasemi. Ananiita 'wewe'. Ananiuliza jambo asubuhi, jioni ananiuliza tena kama hakunisikia. Usiku namwona kwenye televisheni anawakumbuka watoto wa watu kwa majina, anacheka, ana maneno kama kasuku. Nikasema, basi ni mimi. Amenichoka. Uzuri wake wote anawapa wageni, mimi ananiletea makapi. Nilishafunga sanduku mara mbili niondoke. Nilidhani ananidharau, kumbe nyumbani hakuna mtu wa kumnong'oneza."

Bi Dakika hakuwahi hata mara moja kujiuliza Mjomba anaishije saa nyingine ishirini na tatu za siku.

"Ningejua, ningempeleka kwa daktari tangu mwanzo," Mkazamjomba alisema. "Labda kusingesaidia. Lakini ningekuwa naye. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema anayemfichia mwenzake humfanya nini." Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Hiyo kanda nzima unayo?"

"Ninayo."

"Nipe. Daktari anataka kuona. Mwenyewe akienda kule anajikaza, anatania manesi, anaonekana mzima kuliko daktari."

Akampa. Daktari alitazama, akapima, akauita ugonjwa kwa jina lake, akasema wazi kwamba hauponi. Dawa zingeweza kuuchelewesha kidogo, na kama zingeanzwa mapema zingesaidia zaidi. Mkazamjomba alimpigia Bi Dakika akamwambia maneno hayo kama alivyoambiwa, bila kuongeza chumvi wala kupunguza.

Kiroboto alidumu miezi kumi na moja. Bodi ikakaa tena, ikaona saa nne usiku haina faida kwa mtu yeyote, ikaweka filamu za zamani. Yeye aliambiwa kwa simu, akiwa sokoni. Alimjia Bi Dakika analia, akasema, "Hivi Mjomba naye walimwambia hivi hivi?" Bi Dakika akajibu kwamba Mjomba hawakumwambia kabisa. Bi Dakika mwenyewe walimhamishia kipindi cha mapishi cha asubuhi, ambako hakuna anayesahau kitu, na kikisahauliwa ni chumvi.

Ndipo alipokata shauri kwenda kumwona Mjomba. Alikuwa hajakanyaga nyumba ile zaidi ya mwaka. Mkazamjomba alimfungulia, akasita, akampisha. Mjomba alikuwa sebuleni, amepungua mwili, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alimtazama mgeni. Uso ukakunjamana.

"Huyu anatafuta nini hapa?" akasema. "Huyu alijua wiki tatu nzima, akaja kula kwangu. Mtoe!"

Bi Dakika alitoka. Akashuka ngazi za nje. Mkazamjomba alimkimbilia, na cha ajabu alikuwa anatabasamu huku macho yamejaa maji.

"Amekujua! Wifi, amekujua. Juzi alimfukuza mdogo wake wa tumbo moja akidhani ni mwizi. Wewe amekujua, na amekumbuka na kosa lako. Rudi Jumamosi ijayo."

"Nirudi kufukuzwa?"

"Rudi ufukuzwe. Tafadhali."

Akarudi. Akafukuzwa. Jumamosi iliyofuata akarudi tena, akaambiwa maneno makali zaidi, mpaka majirani wakachungulia, na Mkazamjomba akamsindikiza hadi barabarani amemshika mkono. Ikawa ndiyo desturi yao wawili, na Bi Dakika hakumweleza binti yake kwa nini kila Jumamosi alivaa nguo nzuri kwenda kutukanwa.

Jumamosi ya saba Mjomba aliinuka alipomwona. Akamnyoshea mkono kwa adabu zake zote za zamani.

"Karibu, mama, karibu ukae," akasema. "Umetoka mbali?"

Mkazamjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni na trei, aligeuka upesi akarudi jikoni.

"Kiasi," Bi Dakika alisema, akaketi.